Usalama wa Dunia Ukisomewa Gusii

Machi 2025 serikali ya Sudan ilisimamisha uagizaji wa bidhaa zote kutoka Kenya. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, kilichokuwa kikipigana na jeshi la Sudan, na washirika wake walikuwa wamekutana Nairobi na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao, kando na ile inayoongozwa na jeshi, na Sudan iliichukulia Kenya kuwa imeegemea upande mmoja. Chai iliguswa pabaya, kwa kuwa Sudan imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Mkulima wa Gusii anayepeleka majani yake kiwanda cha Kebirigo, Tombe au Nyansiongo hakuulizwa lolote kuhusu mkutano ule, lakini vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 vilikuwa vimeshamfikia. Kabla ya hapo bei ya mbolea ilikuwa imempandia baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022. Na tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, meli nyingi zimelazimika kuzunguka kusini mwa Afrika, na gharama ya safari hiyo lazima imwangukie mtu.

Ni nani katika kaunti za Gusii, Nyamira na Kisii, anayeweza kukaa na wakulima hao na kuwaeleza mambo haya yalivyoshikana? Hapo ndipo swali la kusomea usalama wa kimataifa katika ngazi ya uzamili na uzamivu linapoanza kuwa na uzito kwetu. Somo lenyewe linavutia watu wengi sasa. Wanaojiandikisha aghalabu ni watu wazima walio kazini: maofisa wa polisi, makamishna wasaidizi, machifu, walimu, wafanyakazi wa mashirika, na vijana wachache waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza. Wengi wanatafuta cheo, na sioni ubaya katika hilo, kwani mtu akijilipia karo ana haki ya kutaka faida. Ninachokiona kuwa hasara ni kwamba somo hili linafundishwa na kusomwa kana kwamba usalama wa kimataifa unakaa Mogadishu, New York na Beijing, na Gusii ni mahali pa kutoka tu ili kwenda kuusomea. Mimi nashikilia kinyume chake. Vilima hivi vina maswali ya usalama wa kimataifa ya kutosha kuwalea wanafunzi wa uzamivu kwa kizazi kizima, na mwanafunzi atakayeanzia hapa atazielewa nadharia vizuri zaidi kuliko atakayeanzia kwenye vitabu.

Nadharia hizo si nyingi kiasi cha kutisha. Kwa miaka mingi baada ya Vita Vikuu vya Pili, usalama ulimaanisha dola, majeshi na silaha za nyuklia. Mwaka 1983 Barry Buzan aliandika kitabu kilichohoji mtazamo huo, akisema dola yenyewe inaweza kuwa tishio kwa watu wake na kwamba uchumi, mazingira na jamii ni sehemu ya usalama. Mwaka 1994 ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na Mpakistani Mahbub ul Haq, ikaleta wazo la usalama wa binadamu: mtu kuwa salama dhidi ya njaa, magonjwa, jeuri ya mtaani na ya nyumbani. Ole Wæver na wenzake wa Copenhagen wakauliza jambo jingine: ni nani mwenye uwezo wa kusimama na kusema kwamba jambo fulani ni tishio, na umma ukamkubalia kuchukua hatua za dharura? Mohammed Ayoob naye akawakumbusha wote kwamba katika nchi zilizotoka kwenye ukoloni hatari nyingi huanzia ndani, kwa kuwa dola bado inajengwa. Na muda mrefu kabla yao, mwaka 1967, Ali Mazrui wetu wa Mombasa alikuwa ameshauliza ni nani atakayekuwa mlinzi wa amani ya Afrika baada ya mkoloni kuondoka.

Mwanafunzi wa Kenya ana andiko jingine la kuliweka kando ya hayo yote, nalo ni kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010. Kifungu hicho kinaeleza usalama wa taifa kuwa ni kulindwa dhidi ya vitisho vya ndani na vya nje, si kwa mipaka na mamlaka ya nchi peke yake, bali pia kwa watu, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani, uthabiti na ustawi wao. Waliokiandika walikuwa wametoka kwenye machungu ya machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, na inaonekana. Ningependa kila darasa la uzamili lianze na kifungu hicho, kisha liulizwe kesi moja ngumu ya hapa nyumbani. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 bibi wanne wakauawa vivyo hivyo katika kijiji cha Nyagonyi, Marani. Kwa mujibu wa kifungu cha 238 hilo ni suala la usalama wa taifa. Kwa mtazamo wa akina Wæver, ni mfano wa kutisha wa umati unaojipa mamlaka ya kutaja adui na kumwondoa papo hapo. Mbona basi linaachiwa wanaanthropolojia na kituo cha polisi cha karibu? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo vizuri atakuwa ameiongezea taaluma kitu.

Historia nayo iko upande wetu. Waingereza walileta jeshi Gusii mwaka 1905, na mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote, wakarudi kwa adhabu kali zaidi. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Mtu yuleyule, utumishi uleule wa kikoloni, kutoka Getembe, yaani mji wa Kisii, hadi bahari ya China: hapo mwanafunzi anapata somo zima kuhusu jinsi himaya ilivyosimamia usalama wake. Halafu Septemba 1914, wiki chache tu baada ya vita kulipuka Ulaya, wanajeshi wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Tanzania ya leo na kuuteka mji wa Kisii. Askari wa Waingereza wa King's African Rifles wakapigana nao hapo, Wajerumani wakaondoka, na katika pengo lile la siku chache ambapo hapakuwa na serikali yoyote, wakazi walivamia majengo ya serikali na misheni na kuchukua mali. Waingereza waliporudi walitoza ng'ombe kwa wingi. Robert Maxon ameandika kuhusu kipindi hicho kwa kina, na William Ochieng' aliandika historia ya Abagusii kabla ya ukoloni. Vitabu hivyo haviwekwi kwenye rafu ya usalama wa kimataifa, nami naamini vinastahili kuwekwa huko, kwa sababu swali la nini hutokea dola inapotoweka kwa siku chache ndilo linaloulizwa leo kuhusu Goma na Port-au-Prince.

Lakini mfano ninaouona kuwa na utajiri zaidi ni sungusungu, ulinzi wa wananchi wenyewe. Ulianza magharibi mwa Tanzania mapema miaka ya 1980, miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na polisi wasiofika. Serikali ya Tanzania haikuuvunja, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuutambua. Ukasambaa, ukafika kwa Wakuria wa pande zote mbili za mpaka, na katika miaka ya 1990 Kisii nayo ikawa na sungusungu yake. Hapa ulikuta mazingira mengine kabisa: mashamba madogo, watu wengi, vijana bila kazi, siasa za vyama vingi zenye pesa za kukodi wenye nguvu. Mwanzoni watu waliupokea kwa shukrani kwa sababu majambazi walipungua. Baadaye ukawa unatoza ada, unahukumu, unapiga na kuua. Oktoba 2010 serikali ya Kenya iliupiga marufuku pamoja na makundi mengine zaidi ya 30 chini ya Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa, na katika orodha hiyohiyo lilikuwamo pia jina la Chinkororo, ambao zamani walikuwa walinzi wa mifugo ya Abagusii dhidi ya wavamizi.

Yaani taasisi moja ya ulinzi ilivuka mpaka wa kimataifa bila mkataba, bila balozi na bila mfadhili, ikawa halali upande mmoja na jinai upande wa pili. Kisha tukarudia. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, Kenya ilianzisha Nyumba Kumi, mpango ambao jina lake na wazo lake vimetoka kwenye mashina ya nyumba kumi ya chama cha TANU cha Tanzania ya miaka ya 1960. Safari hii mleta wazo alikuwa serikali yenyewe, na sababu yake ilikuwa ugaidi wa kimataifa. Mwananchi wa Ogembo au Nyamira aliyekuwa anamkumbuka sungusungu akaambiwa achague majirani watakaompa chifu taarifa. Je, alikubali kwa kuwa aliona tofauti, au kwa kuwa hakuona? Nchi nyingi zimejaribu kupambana na ugaidi kupitia jirani kumchunguza jirani. Hakuna mahali ninapopajua ambapo swali hilo lina historia ndefu na yenye damu kama hapa, na bado tasnifu nyingi kuhusu Nyumba Kumi huishia kwenye dodoso na majedwali ya asilimia ya waliokubali na waliokataa, bila kumgusa sungusungu hata kwa aya moja.

Ukitoka Keroka kuelekea Sotik unafika Chebilat, soko lililo mpakani kati ya Borabu na Sotik, Abagusii upande huu na Wakipsigis upande wa pili. Mashamba ya eneo hilo yalikuwa ya walowezi, na baada ya uhuru yakagawiwa wenyeji kupitia miradi ya makazi, kila jamii na upande wake. Mwaka 1992 palichomeka. Mwanzoni mwa 2008 pakachomeka tena. Kati ya machafuko na machafuko watu huuziana ng'ombe, mahindi na maziwa, na hata huoana. Wanadiplomasia waliokuja na Kofi Annan walisimamia makubaliano ya Nairobi tarehe 28 Februari 2008, na Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ikaorodhesha vifo 1,133 nchini kote. Makubaliano ya aina hiyo husomwa darasani kama ushindi wa upatanishi. Jinsi amani ilivyorudi Chebilat yenyewe, nani alikuwa wa kwanza kufungua duka, nani alirudisha ng'ombe wa nani, wazee gani walikutana wapi, hayo yako vichwani mwa watu wanaozeeka.

Mto wa damu wa 2008 ulitufikisha hadi London pia. Katika shamba la chai la Unilever huko Kericho, wafanyakazi wa jamii zilizotoka nje ya eneo hilo, Abagusii wakiwemo kwa wingi, walivamiwa ndani ya makazi yao ya kampuni. Wapo waliouawa, na wanawake walibakwa. Waathiriwa 218 waliishtaki kampuni mama katika Mahakama Kuu ya Uingereza, wakidai kwamba ilipaswa kuona hatari ya uchaguzi na kuwalinda. Walishindwa mwaka 2017. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa nayo ikawakatalia, ikisema ushahidi hauonyeshi kwamba kampuni mama ilijiingiza katika kusimamia hatari hizo kwa niaba ya kampuni tanzu ya Kenya kiasi cha kubeba wajibu. Mahakama ya Juu haikukubali kusikiliza rufaa zaidi, na waathiriwa wakapeleka malalamiko yao kwa Umoja wa Mataifa.

Uamuzi huo unasomwa na mawakili wa mashirika makubwa duniani kote. Sheria yake inaweza kuchambuliwa mahali popote. Swali la usalama lililo chini yake, hata hivyo, ni letu: mchuma chai wa Nyamira anayeishi kwenye nyumba ya kampuni, katika kaunti ya watu wengine, mwaka wa uchaguzi, analindwa na nani? Na serikali, ambayo ndiyo yenye polisi, kwa nini haikuwa mshtakiwa? Kwa maoni yangu hii ndiyo kesi bora kuliko zote kwa mwanafunzi wa Kisii anayetaka kuandika kuhusu usalama, biashara ya kimataifa na haki. Inanisikitisha kwamba wengi wanaomaliza uzamili hawajawahi kuisikia.

Tuje kwenye mambo ya kujiandikisha. Kisii ina chuo kikuu chake, kilichoanza kama chuo cha walimu mwaka 1965, kikawa tawi la Egerton, kisha kikapewa hati ya kujitegemea Februari 2013. Nairobi ina mafunzo ya diplomasia yaliyoanza mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kakamega, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kimejijengea jina katika masomo ya amani na migogoro. Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi kilipata hati mwaka 2021, na pale Karen kuna kituo cha kimataifa cha mafunzo ya kulinda amani kinachopokea wanajeshi, polisi na raia kutoka kote barani. Anayetaka kwenda nje anaweza kupitia African Leadership Centre, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010 kwa ushirikiano na King's College London. Majina ya programu hubadilika mara kwa mara, na wapo walioumia kwa kulipia programu isiyoidhinishwa. Kabla ya kutoa shilingi, mtu aangalie orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha aulize swali ambalo ni muhimu kuliko jina la chuo: ni nani hasa atakayenisimamia, na ana wanafunzi wangapi tayari? Uzamili wa miaka miwili hugeuka kuwa wa mitano kwa sababu ya msimamizi asiyepatikana, mara nyingi zaidi kuliko kwa sababu ya mwanafunzi mzito.

Utafiti wenyewe una lango lake. Mwanafunzi huomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na leseni hiyo inamtaka aripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla ya kuanza. Huko anapewa barua ya kwenda kwa naibu kamishna, huyo anampeleka kwa chifu, na chifu, kwa nia njema kabisa, anamtambulisha kwenye baraza. Kwa anayechunguza kilimo cha ndizi hakuna shida. Kwa anayechunguza sungusungu, au ubakaji wa 2008, au nani alichoma nini Chebilat, utambulisho huo ni kizuizi. Mama anayemwona mgeni amekuja na chifu atajibu anachodhani chifu anataka kusikia. Wakati huohuo, kumkwepa chifu ni kuvunja masharti na kuhatarisha watu unaowahoji. Njia ninayoiona kuwa ya busara ni kuripoti kama inavyotakiwa, kisha kukaa: kurudi mara kwa mara, kununua sukumawiki palepale sokoni, kusali kanisa lilelile, hadi watu wakujue kwa uso wako na si kwa barua yako. Hilo linahitaji miezi, na ofisa wa polisi aliyepewa likizo ya wiki tatu hawezi. Kwa ofisa huyo ningeshauri mada nyingine, pengine ya nyaraka: hukumu za mahakama, kumbukumbu za Bunge, ripoti za tume.

Nyaraka zenyewe ni nyingi na tamu. Januari 2024, kwa mfano, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje ya nchi, kwani Katiba inaliruhusu kupeleka nje majeshi ya ulinzi pekee, na kwamba polisi hawawezi kupelekwa Haiti bila makubaliano na nchi hiyo. Machi mwaka huo makubaliano yakatiwa saini Nairobi, na Juni askari wa kwanza wakatua Port-au-Prince. Umoja wa Mataifa, Marekani, Katiba yetu na konstebo aliyeacha familia nyumbani wote wamo ndani ya hukumu hiyo moja. Mwanafunzi hahitaji leseni ya kumhoji mtu ili kuisoma kwa makini.

Kuhusu ajira sitamdanganya mtu. Wizara ya mambo ya nje inaajiri wachache, mashirika ya kimataifa yamepunguza bajeti, na uzamili peke yake hautamtoa mtu kijijini hadi Geneva. Fred Matiang'i wa Borabu, aliyeongoza wizara ya usalama wa ndani kuanzia 2017 hadi 2022, alisomea fasihi na mawasiliano. Kuna nafasi iliyo karibu zaidi isiyozungumzwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaweka katika kila kaunti mamlaka ya ulinzi wa jamii inayoongozwa na gavana, yenye wawakilishi wa wananchi. Kaunti nyingi zimeiacha ilale. Kisii na Nyamira zingekuwa na watu watano tu waliosoma fani hii, wanaojua Chebilat na Keroka, wanaofuatilia jinsi vijana wanavyorubuniwa kwa kazi za uongo ng'ambo, wangeweza kuipa mamlaka hiyo kazi ya kufanya. Suala hilo la kurubuniwa si dogo: Novemba 2025 serikali ilikiri kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wanapigana upande wa Urusi nchini Ukraine, na vishawishi vya aina hiyo huwafikia vijana kwenye simu zao, vijijini kwao.

Jambo moja limebaki, nalo vyuo vinaweza kulitekeleza bila senti. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, hutetewa mbele ya watahini watatu au wanne, na hubaki kwenye maktaba na hifadhi ya mtandaoni. Chebilat, lugha inayomkutanisha Mgusii na Mkipsigis ni Kiswahili. Kila anayehitimu kwa utafiti wa mpakani atakiwe kutoa kurasa mbili au tatu za Kiswahili zinazosema alichokikuta, zisomwe pande zote mbili, palepale alipouliza maswali, na watu wapewe nafasi ya kumpinga. Kabla ya kuzisoma hadharani, yeye na msimamizi wake wazipitie mstari kwa mstari na kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha aliyesema: jina, ukoo, kazi, hata rangi ya geti la boma lake. Sokoni watu wanafahamiana, na uchaguzi mwingine uko njiani.